Alfajiri Ndani ya Herufi Mbili

"Babu, Au nini?"

Mjukuu wangu aliniuliza hivyo akiwa ameitandaza chati ya elementi mezani, kidole chake kikiwa kwenye kisanduku nambari 79. Aliziona herufi mbili, A na u, na kwa kuwa kichwani mwake Kiswahili ndicho hutangulia, akazisoma kama mtu aliyeanza kusema jambo akakatizwa. Au nini? Au fedha? Au shaba? Nikamwambia hapo hakuna cha kuchagua, hapo pameandikwa dhahabu. Akanikatalia katakata. Dhahabu huanza na Dh, alisema, na kwa Kiingereza huanza na G. Sasa hiyo Au imetoka wapi?

Swali zuri halifai kujibiwa kwa sentensi moja. Nililomjibu yeye nawaandikia na ninyi nyote, watoto wa Sachangwan na Mau Summit, wa Salgaa, wa Molo na wa Nakuru mjini, maana safari ya herufi hizo mbili ni ndefu, na kipande chake kimoja kinapita katika pwani yetu wenyewe.

Tuanze na mtu aliyeziandika. Jöns Jacob Berzelius alikuwa mwanakemia wa Uswidi, na mwaka wa 1813 alianza kuchapisha pendekezo lake la kuziandika elementi kwa herufi. Kabla yake zilichorwa. Wale wazee waliokesha mbele ya tanuri wakijaribu kuigeuza risasi iwe dhahabu waliichora dhahabu kama duara lenye nukta katikati, na duara hilohilo ndilo walilolitumia kuandika jua. Fedha waliichora mwezi mwandamo. Michoro ilipendeza, lakini iliwatesa wachapishaji wa vitabu, na Berzelius akaona herufi zingeandikika upesi zaidi na zisingeharibu ukurasa. Herufi za lugha gani? Akachagua Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, kwa sababu msomi wa Ulaya wakati huo, awe Mswidi, Mjerumani au Mwitaliano, alikuwa ameisoma shuleni. Dhahabu kwa Kilatini ni aurum. Akachukua herufi mbili za mwanzo.

Zipo nyingine za namna hiyo kwenye chati. Fedha ni argentum, ndiyo maana ikawa Ag. Chuma ni ferrum, Fe. Shaba ni cuprum, Cu, jina lililotokana na kisiwa cha Kupro, ambako Warumi walipata shaba yao. Hizo pitieni wenyewe. Lakini msiipite Na bila kusimama, kwa kuwa hiyo inatuhusu sisi watu wa Bonde la Ufa. Hiyo ni sodiamu, na herufi zake zimetoka kwenye jina natrium. Ukilifuata jina hilo nyuma unafika Misri ya kale, kwa watu waliokusanya chumvi nyeupe kwenye maziwa yaliyokauka na kuitumia kuhifadhi maiti za wafalme wao. Neno lao likaingia kwa Wagiriki, na Waarabu wakalitamka natrun. Chumvi yenyewe mnaijua. Ni ndugu wa magadi yanayotiwa kwenye sufuria ya githeri mahindi yakikataa kuiva. Maji ya Ziwa Nakuru yana asili hiyo, ya Bogoria vilevile, na mpakani upande wa Tanzania kuna ziwa ambalo jina lake ni Natron kabisa. Mtoto wa Nakuru akiambiwa kwamba chati ile ni ya watu wa mbali, asikubali.

Na Au yenyewe ilikwisha kufika jirani. Tarehe 10 Agosti 2024, jijini Paris, Faith Kipyegon alishinda mbio za mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 51.29, rekodi mpya ya Olimpiki. Ilikuwa mara yake ya tatu mfululizo, baada ya Rio mwaka wa 2016 na Tokyo mwaka wa 2021, na hakuna mwanariadha mwingine aliyewahi kufanya hivyo katika mbio hizo. Faith ni wa Keringet, katika kaunti hii hii yetu ya Nakuru, ng'ambo ya Molo. Baridi aliyokimbia nayo asubuhi utotoni ndiyo hii mnayoiamkia ninyi.

Medali aliyovishwa siku ile ina uzito wa gramu 529, na wengi hudhani ni dhahabu tupu. Dhahabu iliyomo ni gramu 6, iliyopakwa juu. Mwili wake ni fedha. Katikati yake kuna kipande cha chuma chenye pembe sita, gramu 18, kilichotoka kwenye Mnara wa Eiffel. Medali za dhahabu tupu zilitolewa kwa mara ya mwisho mwaka wa 1912 huko Stockholm. Kwa hiyo hata Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 huko Mexico mwaka wa 1968, na Kipchoge Keino, aliyeongeza nyingine siku chache baadaye katika mita 1,500, walivaa fedha iliyopakwa dhahabu. Utando ule mwembamba msiudharau. Dhahabu haipati kutu. Izike ardhini miaka elfu, izamishe baharini, ukiitoa na kuifuta itakuwa na rangi ileile. Chuma cha Eiffel lazima kipakwe rangi kila baada ya miaka kadhaa kisiliwe na kutu, ilhali gramu 6 za juu ya medali hazihitaji chochote. Aurum, argentum na ferrum, maneno matatu ya Warumi, yalikaa kifuani pa mwanamke mmoja wa Keringet, na alikuwa ameyatolea jasho.

Sasa tulichimbe neno lenyewe.

Aurum hutamkwa karibu kabisa na vile Mswahili angelisoma, a-u-rum, bila kumeza herufi hata moja. Lakini hiyo r haikuwapo tangu mwanzo. Mwandishi mmoja Mrumi, Festus, ametuachia habari kwamba Wasabini, majirani wa Roma, walikuwa wakisema ausum. Penye r palikuwa na s. Tena halikuwa neno hilo peke yake. Katika Kilatini cha kale, s iliyokaa katikati ya irabu mbili iligeuka polepole ikawa r, na Warumi wenyewe walilikumbuka jambo hilo. Cicero alimwandikia rafiki yake barua akimweleza kwamba ukoo mashuhuri wa Papirius zamani ulijiita Papisius. Ukoo mwingine, wa Aurelius, uliwahi kuitwa Auselius, na walisema jina hilo limetokana na jua. Basi kama darasani kwenu kuna Aurelia au Aurelio, mpeni habari hiyo leo.

Mtashangaa sauti inawezaje kubadilika vinywani mwa watu wote bila mkutano wala tangazo. Lakini ninyi mnaishi ndani ya jambo hilohilo. Mswahili husema mtu. Mkikuyu na Mkamba husema mũndũ. Mluhya husema omundu. Mswahili husema kitu; Mkikuyu husema kĩndũ. Penye t ya Kiswahili, wenzake wana nd. Maneno hayo yalikuwa neno moja zamani sana, katika lugha iliyozizaa lugha zote za Kibantu, na hapo katikati palikuwa na nt. Kila kundi likahama na neno lake, likalitamka kwa njia yake, na njia hiyo ikawa kanuni. Ukiijua kanuni unaweza kurudi nyuma, ukalifikia neno la mababu ambalo hakuna aliyewahi kuliandika.

Wanaisimu walifanya kazi hiyo kwa aurum. Walimkuta ndugu yake mbali sana kaskazini, huko Lithuania, ambako dhahabu huitwa auksas. Walipozidi kurudi nyuma, walifika kwenye shina la kale kuliko Roma yenyewe, shina lenye maana ya kung'aa kwa alfajiri. Ndilo lililowapa Warumi jina la Aurora, mungu wao wa kike wa mapambazuko. Wagiriki walimwita Eos. Huko India, katika Sanskrit, alfajiri iliitwa Ushas, na ukiingia katika maduka ya Nakuru mjini si ajabu kukutana na mama wa Kihindi anayeitwa Usha. Jina lake na Aurora ni wa nyumba moja, na aurum, kwa maelezo ya wanaisimu wengi, ni wa nyumba hiyohiyo. Hata east, neno la Kiingereza la mashariki, limo.

Kwa hiyo jina la dhahabu halikuanza kama jina la mali. Halikusema ghali, wala halikusema la mfalme. Kabla ya kuwapo mizani ya sonara, mtu fulani alichota mchanga mtoni, akaona punje moja inang'aa, akaigeuza kwenye kiganja, na neno lililomjia ni lile alilolitumia kila siku akitazama mashariki.

Ninyi mnaoishi Sachangwan mna nafasi nzuri ya kumwelewa mtu huyo, kwa kuwa tuko juu na bonde limelala mbele yetu, kuelekea Rongai na Menengai. Tokeni nje siku moja saa kumi na mbili na dakika kumi, malori yakiwa bado yamewasha taa kwenye mteremko na majani ya viazi yakiwa yamejaa umande. Kwanza upeo una rangi ya majivu. Wekundu unapenya chini yake, mwembamba. Halafu, kwa dakika chache tu, kabla jua halijatoa kichwa, ukungu ulioko bondeni unashika rangi ambayo huwezi kuiita njano, wala huwezi kuiita nyekundu. Mabati ya nyumba yanaishika. Moshi unaotoka jikoni unaishika. Sweta la mtoto anayefungua zizi linaishika. Ukichelewa kidogo kunawa uso, imekwisha kwenda.

Nami nina jambo la kuwaonyesha ambalo mtu yule wa kale hakuwa na njia ya kulijua. Mwanga wa jua una rangi zote zile mnazoziona kwenye upinde wa mvua. Asubuhi, jua likiwa chini, mwanga wake hutujia kwa mshazari na kupita katika hewa nyingi sana kabla ya kutufikia. Hewa huitawanya buluu kuliko inavyoitawanya nyekundu. Buluu hurushwa huku na huko njiani, na mwanga unaofika machoni mwetu ni ule uliopungukiwa nayo, umebaki na njano, rangi ya chungwa na nyekundu. Hiyo ndiyo rangi ya alfajiri.

Sasa tazameni metali. Karibu zote zina weupe au ukijivu wa namna moja, fedha, chuma, bati, alumini, kwa sababu huurudisha mwanga wa rangi zote karibu sawasawa. Shaba imejitenga nazo, na dhahabu imejitenga nazo. Dhahabu huifyonza buluu. Kiini cha atomu yake ni kizito mno, na elektroni zilizo karibu nacho hukimbia kwa kasi kubwa kiasi kwamba mpangilio wa atomu nzima unabadilika; kwa sababu hiyo mwanga wa buluu humezwa, na wa njano na mwekundu hurudishwa. Hewa huiondoa buluu kwa kuitawanya, dhahabu huiondoa kwa kuimeza, na jicho la mtu aliyesimama mlangoni linapokea kitu kilekile. Aliyeiita dhahabu kwa jina la alfajiri aliona sawasawa. Alitanguliza kwa macho yake jambo ambalo fizikia ilikuja kulieleza katika karne ya 20, na mimi kila nikilifikiria hujawa na heshima kwa watu ambao hawakuwa na shule ila walikuwa na subira ya kutazama.

Ndipo nikamwambia mjukuu wangu: Berzelius aliliondoa duara la jua kwenye karatasi, lakini kwa kuandika Au akaiweka alfajiri mahali pake.

Neno lile lilizaa. Waitaliano na Wahispania husema oro, Wareno ouro, Waromania aur, Wafaransa or. Hapo angalieni ajabu moja: Mfaransa akiandika or amesema dhahabu, Mwingereza akiandika or amesema au, na mwanakemia akiandika Au amesema dhahabu. Ni sadfa tupu, lakini ilimchekesha mjukuu wangu hadi akashika tumbo, na kuanzia siku hiyo hakulisahau tena.

Wataalamu wa wanyama nao walilipenda. Bweha mmoja mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu aliitwa Canis aureus, na kwa muda mrefu bweha wa namna hiyo wanaoonekana katika mbuga zetu waliandikwa kwa jina hilo. Mwaka wa 2015 uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba wa Afrika na wale wa Ulaya na Asia ni spishi mbili tofauti, na wa kwetu sasa huandikwa Canis lupaster. Dhahabu imetoka kwenye jina lake, manyoya yake hayajabadilika.

Mtauliza kama ardhini mwetu imo. Hapa Sachangwan hakuna mgodi. Mawe yetu yametokana na volkeno zilizofuatana na kupasuka kwa Bonde la Ufa, na kwa hesabu za umri wa dunia ni mawe machanga. Dhahabu ya Kenya iko zaidi magharibi, katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, Kakamega, Vihiga, Siaya na Migori. Mwaka wa 1931 mlowezi Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson, aliyekuwa na shamba upande wa Turbo, aliipata karibu na Kakamega. Bei ya mahindi ilikuwa imeanguka duniani kote na nzige walikuwa wamekula mashamba, basi walowezi wengi wa nyanda hizi wakaacha kulima wakakimbilia huko na makarai. Sheria ya mwaka wa 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya maeneo yao haitachukuliwa bila baraza lao kuulizwa na bila wao kupewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka mmoja baada ya dhahabu kuonekana, mnamo 1932, serikali ya kikoloni iliibadilisha sheria hiyo ili wachimbaji wasizuiwe na ahadi hizo. Ahadi ilidumu miaka miwili. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952, na jina lake lingali ni jina la mtaa huko Kakamega.

Huko, na Migori vilevile, wachimbaji wadogo wanaendelea hadi leo. Husaga mawe yakawa unga. Huuosha unga huo kwa maji ili mwepesi uondoke na mzito ubaki. Kisha humimina zebaki kwenye karai na kuikoroga kwa mikono mitupu, kwa kuwa zebaki huishika dhahabu popote ilipojificha. Mchanganyiko hukamuliwa ndani ya kitambaa, hubaki kitonge cheupe kisichozidi punje ya mahindi, na kitonge hicho huchomwa motoni. Zebaki hupaa ikawa mvuke, dhahabu ikabaki. Kwenye chati zebaki ni Hg, hydrargyrum, jina lenye maana ya fedha ya maji. Ni jina zuri kwa sumu. Mvuke wake huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama yake. Mwenye ndugu katika kazi hiyo amwombe asichomee ndani ya nyumba, wala mahali watoto wanapocheza.

Vitu vingine huitwa dhahabu kwa jina tu. Mafuta ya petroli watu huyaita dhahabu nyeusi. Mimi siyaiti hivyo, na hapa Sachangwan sitayaita kamwe. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapa kwetu, watu wakaenda kuchota yaliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Waliokwenda na ndoo walikuwa majirani, wazazi wa watu, vijana waliojua lita moja inauzwa kiasi gani. Jina la dhahabu likibandikwa kwenye kitu, watu hukikimbilia kabla hawajakitazama.

Pwani niliiweka mwisho, kwa sababu huko ndiko neno la Warumi na dhahabu ya Afrika vilikutana uso kwa uso, na jinsi vilivyokutana bado inaniuma.

Neno letu sisi, dhahabu, limetokana na Kiarabu, dhahab. Lilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi, Kiswahili kikalipandisha bara, na Wakikuyu wakalitamka thahabu. Mji uliotajirika kwa dhahabu kuliko miji yote ya pwani ulikuwa Kilwa, kusini mwa Tanzania ya leo. Dhahabu yenyewe ilichimbwa mbali, katika nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na biashara ya Sofala ilikuwa mikononi mwa Kilwa. Mwaka wa 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa, akausifu uzuri wa mji, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake, na akaandika habari za unga wa dhahabu unaoletwa Sofala kutoka bara. Sultani huyo alikuwa na sarafu zake za dhahabu, na tatu kati ya hizo zinajulikana hadi sasa. Jumba lililojengwa zama zake, Husuni Kubwa, liliinuliwa kwa mawe ya matumbawe ukingoni mwa genge, bahari chini yake. Magofu yake yapo, na unaweza kutembea ndani yake.

Julai 1502 Vasco da Gama aliingia katika bahari yetu kwa safari yake ya pili, safari hii akiwa na meli nyingi zenye mizinga. Akamlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa akubali kumlipa kodi mfalme wa Ureno, la sivyo mji upigwe. Kodi ililipwa kwa dhahabu, mithkali 1,500, zaidi ya kilo sita. Kulipa hakukuwaokoa. Mwaka wa 1505 alikuja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, na askari wake wakauteka mji na kuupora.

Ile dhahabu ya kodi ilifika Lisbon mwaka wa 1503, na Mfalme Manuel akaamuru itumike kutengeneza monstransi. Walio Wakatoliki kati yenu wanakijua chombo hicho, ambamo Ekaristi huwekwa waumini wakaabudu. Kilikamilika mwaka wa 1506, na mfuaji anayetajwa ni Gil Vicente. Mitume kumi na wawili, wadogo, wamepiga magoti kuizunguka sehemu ya Ekaristi, kanzu zao zimetiwa rangi za enameli, na juu yao zinapanda nguzo nyembamba za dhahabu zilizochongwa mfano wa kanisa. Ustadi wa mikono iliyokifanya ni mkubwa, sitawaficha.

Kwenye kitako chake yamechorwa maneno ya Kireno. Yanamtaja mfalme, kisha yanasema aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu na kodi ya Kilwa. Neno lililotumika hapo ni ouro, mtoto wa aurum, neno lililotoka kwenye alfajiri. Limeandikwa juu ya dhahabu iliyochimbwa na Waafrika wa Zimbabwe, ikapimwa na Waswahili wa Sofala na Kilwa, na ikatolewa mbele ya mizinga. Jina ambalo wachimbaji waliiita kwa lugha yao halimo. Neno dhahabu, waliloiita waliolipa, halimo. Limo la aliyechukua. Lakini aliyechora alilazimika, au alijivunia, kutaja alikoitoa, na kwa hilo ametupa ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Chombo hicho kimehifadhiwa Lisbon, katika Museu Nacional de Arte Antiga. Atakayefika huko kati yenu, kwa mbio, kwa masomo au kwa kazi, aache kwanza kutazama juu kwenye mitume na nguzo, ainame atafute maandishi ya kitako. Atakuta OVRO, kisha mbele kidogo QILVA. Wakati ule V iliandikwa mahali pa u, kwa hiyo asiogope tahajia. Akiitamka u hiyo upesi kwa mdomo wa Kiswahili, mji utajitaja wenyewe.